Daftari la Dobi wa Bien Hoa

Mwaka wa kwanza yalikuwa mashati kumi na manne.
Niliyahesabu mara mbili, kwa kidole,
maana mume wangu alionya kuwa Wamarekani
hawasamehe kifungo kilichopotea.
Washauri, ndivyo walivyoitwa.
Makola yao yalikuwa na jasho kidogo tu,
jasho la mtu anayesimama kivulini
akimwonyesha mwenzake pa kulenga.

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe.
Hawa hatukuwapa.
Walikuja na matingatinga yao,
wakalaza shamba zima la mipira
na utomvu ukatiririka siku mbili
bila mtu wa kuukinga.

Kaka yangu Luyen alivaa sare ya serikali.
Mdogo wetu Khoai aliondoka usiku wa mvua,
hakuchukua hata mwavuli.
Mama hakusema neno.
Mezani aliendelea kuweka bakuli mbili,
zikitazamana.

Kisha kidole hakikutosha tena.
Mafungu yalikuja kwa lori, asubuhi na jioni,
udongo mwekundu umeng'ang'ania magotini.
Nisidanganye: mwaka ule niliajiri wasichana watatu,
nikanunua pasi mpya, baiskeli,
na jino la dhahabu ambalo bado ninalo.
Vita vilitulisha.
Nimeandika hivyo, ukurasa wa thelathini na moja,
kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilipata pia pipa tupu nyuma ya uzio,
pipa zuri, limevishwa mshipi wa rangi ya chungwa.
Halikuvuja.
Nikaliweka uani la kusuuzia.

Kuna mmoja ambaye jina lake lilishonwa kifuani
lakini ulimi wangu ulilikataa.
Nilimwita Mwenye Mbwa,
kwa ile picha iliyosahaulika mfukoni:
mbwa wa madoa, na theluji, na mlango wa nyumba.
Niliikausha juani, nikamrudishia.
Aliinama kama sisi tunavyoinama,
vibaya, lakini aliinama.

Usiku wa mwaka mpya tulidhani ni fataki.
Luyen alikuwa ndani ya uzio.
Khoai, wengine husema, alikuwa nje ya uzio huohuo.
Mimi nilikuwa chini ya meza ya kupigia pasi
na wasichana wawili.
Wa tatu alikuwa amekwenda kwao kula sikukuu.

Mashati manne ya Mwenye Mbwa
yalibaki rafuni, yamekunjwa.

Baada ya hapo wakatuambia: vita sasa ni vyenu.
Wakavirudisha kama mtu anayerudisha ungo wa jirani
umetoboka,
na asante juu yake.
Mafungu yakapungua. Lori likawa jipu,
jipu likawa mvulana mwenye kikapu.
Mstari wa mwisho: mashati tisa, deni dong mia sita.

Khoai alirudi, amekonda, mguuni kandambili za tairi.
Mwezi haukwisha, Luyen akapelekwa shule,
ile shule isiyo na likizo,
na haijulikani nani aliandika jina lake kwenye orodha.
Aliporudi, miaka sita baadaye, wakala pamoja.
Bakuli mbili, zikitazamana.
Mama alikuwa ameshakufa; niliziweka mimi.

Juzi walikuja watu wa glavu nyeupe.
Wakachota tope la ziwa, wakapima samaki,
wakanitoa damu, taratibu, kwa heshima.
Wakauliza nilikuwa nikifulia maji gani.
Niliwapeleka uani.
Mkalimani, kijana wa hapahapa, alilitazama pipa
akasahau kutafsiri.
Ndani ya nyumba, mjukuu wangu Thuoc,
ana miaka ishirini na hajawahi kusimama,
alikuwa akinicheka kwa kuvaa viatu vya wageni.

Mashati manne bado yapo.
Kila mwaka, baada ya mvua, nayafua, nayaanika.
Siku hizi natumia beseni.